Laurent-Désiré Kabila na swali la mrithi

Siku kumi za Januari 2001, tangu risasi zilipolia katika Jumba la Marumaru hadi rais mpya alipoapishwa, husimuliwa kama jambo la Kinshasa tu: wanajeshi barabarani, matangazo ya televisheni, wageni kutoka Harare na Luanda. Mimi naona siku hizo hazieleweki mtu akianzia huko. Inafaa kuanzia huku kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu huku ndiko Laurent-Désiré Kabila alikojifunza siasa, na siasa aliyoikuta ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kugombania nafasi ya mtu aliyekwisha kufa.

Alizaliwa Katanga tarehe 27 Novemba 1939. Baba yake alikuwa Muluba, mama yake Mulunda. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini katika Katanga ya mwaka 1960 lilikuwa na uzito. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe, Mulunda, akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Waluba wa kaskazini, waliokuwa chini ya chama cha Balubakat na kiongozi wao Jason Sendwe, walikataa. Vita vikaingia vijijini. Kabila hakuwa amefikisha miaka 21. Aliingia upande wa vijana wa Balubakat, yaani upande wa baba, na upande wa Patrice Lumumba.

Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961. Hakuwa mkomunisti, ingawa maadui zake walimwita hivyo, lakini waliodai urithi wake walisogea mwaka hadi mwaka kuelekea Peking, Moscow na Cairo. Antoine Gizenga alijaribu kushika serikali ya Stanleyville, akakamatwa mwanzoni mwa 1962. Christophe Gbenye, Gaston Soumialot, Pierre Mulele, Egide Bocheley-Davidson: kila mmoja alijiona mrithi wa kweli. Oktoba 1963, baada ya Rais Kasa-Vubu kuvunja bunge, waliunda Baraza la Taifa la Ukombozi, CNL, na halikukaa muda mrefu kabla ya kugawanyika pande mbili, upande wa Gbenye na upande wa Bocheley. Mulele hakungoja baraza. Alikuwa amepata mafunzo China, na Januari 1964 alianzisha vita vyake Kwilu, mbali kabisa na sisi. Hata hivyo jina lake lilifika huku kabla ya mwili wake kufika popote. Wapiganaji wa mashariki, Simba, walikimbilia risasi wakipiga kelele za mai Mulele, wakiamini kwamba dawa ya mganga itageuza risasi kuwa maji. Wengi wao hawakuwahi kumwona Mulele. Jina la mtu aliye mbali lilikuwa limefanywa kinga.

(Kwa wasomaji wa gazeti hili: angalieni kwamba ni mai, si maji. Kelele hiyo ilizaliwa katika Kiswahili chetu cha Kongo, na vikundi vya Mai-Mai vya leo vimebaki na umbo lilelile, hata pale ambapo redio inajaribu kusema Kiswahili cha vitabu.)

Albertville, mji wetu kabla haujaitwa Kalemie, ulikuwa makao makuu ya jimbo jipya la Katanga Kaskazini, na Sendwe ndiye aliyekuwa rais wa jimbo. Lakini Balubakat yenyewe ilikuwa imepasuka kati ya wafuasi wa Sendwe na wafuasi wa Prosper Mwamba Ilunga. Kabila alikuwa miongoni mwa vijana wa mrengo wa kushoto waliomwona Sendwe kuwa amelegea mno mbele ya serikali ya Léopoldville. Soumialot, akiwa Bujumbura, alimpa Kabila na Ildephonse Masengo kazi ya kuwasha uasi huku. Mwezi wa tano mwaka 1964 mji ulitikisika. Tarehe 19 Juni uliangukia mikononi mwa waasi, na siku hiyohiyo Sendwe akauawa.

Hapa napenda kusimama kidogo. Sendwe ndiye aliyekuwa baba wa siasa ya Waluba wa kaskazini. Watu wa umri wa babu zetu walimpigia kura, waliteseka kwa ajili yake wakati wa Tshombe, na sasa anauawa katika mji wake na watu wanaotumia jina la Lumumba, rafiki yake. Kama ingekuwepo sheria ya chama, au baraza linaloheshimiwa, ugomvi wake na vijana ungeamuliwa kwa kura au kwa matusi. Haukuwa hivyo. Kabila mwenye miaka 24 aliona kwamba nafasi ya juu hufunguka kwa kifo, na kwamba anayeikalia ni yule aliye karibu na bunduki siku hiyo. Sisemi kwamba alipanga kifo hicho. Nasema kwamba alikuwa shuleni, na hili lilikuwa somo la kwanza.

Utawala wa Simba Albertville haukudumu hata miezi mitatu. Mwishoni mwa Agosti 1964 jeshi la serikali, likisaidiwa na mamluki, liliuchukua tena mji. Stanleyville, iliyokuwa imeangukia mikononi mwa waasi mwanzoni mwa mwezi huo, ilichukuliwa na askari wa miavuli wa Ubelgiji tarehe 24 Novemba. Kilichobaki cha uasi kikarudi milimani, kati ya Fizi na ziwa.

Huko ndiko alikofika, usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, mtu aliyepewa jina la Tatu. Alivuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na Wacuba wachache, akashuka Kibamba. Victor Dreke, aliyekuwa mkuu wao kwa jina, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara. Majina hayo ya siri yalikuwa hesabu ya kwanza ambayo mtoto wa chekechea anajua, na aliyekuwa mkubwa kuliko wote akapewa nafasi ya tatu. Kabila hakuwepo kumpokea. Alikuwa Cairo, katika mikutano, kwa sababu viongozi wa mapinduzi walikuwa wanagombana tena juu ya nani ni rais wa nini.

Aliyekuwepo alikuwa Léonard Mitoudidi, mkuu wa majeshi. Guevara alimheshimu. Mitoudidi alijaribu kupanga makambi, kugawa chakula, kupunguza pombe, kuwafanya wapiganaji wakae mahali pao. Tarehe 7 Juni 1965 alianguka kutoka katika mtumbwi wakati wa upepo, akafa maji katika ziwa hili letu. Kila mvuvi wa ndagala wa hapa anajua jinsi upepo wa mchana unavyobadilika ghafla, na pengine hakuna siri yoyote zaidi ya hiyo. Lakini kifo cha mtu mmoja kilitosha kuuacha upande wote wa ziwa bila mkuu. Masengo aliwekwa mahali pake, naye hakuwa na nguvu ya kuamuru bila Kabila. Kabila alikuwa ng'ambo.

Wiki tatu baadaye, tarehe 29 Juni, waasi na Wacuba walishambulia ngome ya Bendera, penye mtambo wa umeme wa mto Kyimbi, umeme uleule unaowasha taa za Kalemie. Shambulio lilishindwa. Wacuba wanne walikufa, na vitu vilivyokutwa kwenye miili yao vikaiambia dunia kwamba Cuba iko Kongo. Kabila alifika Kibamba tarehe 7 Julai. Alizungumza na wapiganaji, nao walifurahi sana, kwa sababu alijua kuzungumza. Guevara mwenyewe aliandika kwamba katika viongozi wote ni huyu tu aliyekuwa na kipaji cha kuongoza watu. Baada ya siku tano akavuka tena kwenda Kigoma. Hukumu ya Guevara ilikuwa kali: kipaji kipo, uzito wa kazi haupo. Tarehe 21 Novemba 1965 Wacuba walipanda boti na kuondoka. Siku tatu baadaye Mobutu akatwaa serikali Léopoldville.

Hukumu hiyo ya Guevara imerudiwa mara nyingi sana, mpaka watu wengi hawamjui Kabila kwa lingine lolote. Mimi naikubali nusu tu. Guevara alikaa miezi saba, Kabila akabaki miaka zaidi ya 20. Mulele alikubali msamaha wa Mobutu, akatoka Brazzaville pamoja na Justin Bomboko, na Oktoba 1968 akauawa kikatili Kinshasa. Soumialot na Gbenye walitoweka katika siasa. Kati ya warithi wote wa Lumumba waliotaka kupigana, aliyebaki porini akiwa hai ni yule yule ambaye hakukaa Kibamba wiki moja. Ilitokana na ukaidi wake, au na ukaribu wa Kigoma. Pengine yote mawili.

Tarehe 24 Desemba 1967 alianzisha Chama cha Mapinduzi ya Umma, PRP, chama kilichofuata mafundisho ya Marx na Mao. Eneo lake katika milima ya Fizi liliitwa Hewa Bora. Hapakuwa na serikali ya Mobutu pale; palikuwa na mashamba ya pamoja, shule, zahanati, mahakama za chama, adhabu, na dhahabu na pembe za ndovu zilizovushwa ziwani kwa magendo. Msaada wa China ulikuwepo mwanzoni. Jina la Hewa Bora lina utamu wake. Halisemi ushindi, wala umoja, wala ukombozi, maneno ambayo vyama vya wakati ule viliyatumia hadi yakachakaa. Linasema mahali ambapo mtu anaweza kupumua. Kwa wakulima waliolazimishwa kulima kwa ajili ya chama na kukatazwa kuondoka, hewa haikuwa bora kiasi hicho, na wengi walikimbia.

Mei 1975 dunia ilikumbushwa kwamba PRP bado ipo. Watu wenye silaha walivuka ziwa usiku hadi Gombe, upande wa Tanzania, kwenye kituo cha utafiti wa sokwe cha Jane Goodall, wakawachukua watu wanne, wanafunzi watatu kutoka Marekani na Mholanzi mmoja. Waliachiwa baada ya majuma kadhaa na baada ya fedha kulipwa. Tanzania ya Nyerere, iliyokuwa imefumba macho kwa miaka, haikufurahi. Novemba 1984, na tena Juni 1985, PRP ilishambulia Moba, kusini yetu. Mara zote mbili jeshi la Mobutu liliuchukua tena mji, na wanaokumbuka wanasema kwamba raia waliumia zaidi baada ya waasi kuondoka kuliko walipokuwepo. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 Hewa Bora ilikuwa imekwisha. Kabila aliishi Dar es Salaam, akifanya biashara. Wapo waliodhani amekufa.

Kwa hiyo, alipotokea mwaka 1996, alikuwa kama mtu aliyefufuka. Rwanda na Uganda zilitaka kuvunja makambi ya wakimbizi mashariki mwa Zaire na kumwondoa Mobutu, nazo zilihitaji uso wa Kikongo. Makubaliano ya Lemera ya tarehe 18 Oktoba 1996 yaliunganisha makundi manne kuwa AFDL: PRP ya Kabila, kundi la Déogratias Bugera, kundi la Anselme Masasu Nindaga, na kundi la André Kisase Ngandu. Kabila alikuwa msemaji. Kisase, mpiganaji wa zamani wa mambo ya Lumumba, ndiye aliyekuwa mkuu wa upande wa kijeshi, na alikuwa na askari wengi kuliko yeye. Mwanzoni mwa Januari 1997 Kisase aliuawa Kivu Kaskazini. Hakuna mahakama iliyowahi kusema ni nani. Msemaji akawa mkubwa.

Msomaji anaona mstari. Sendwe 1964, Mitoudidi 1965, Mulele 1968, Kisase 1997. Sitaki kuunyoosha mno, maana maisha hayajapangwa kama jedwali la ngeli. Vifo vinne hivyo vina sababu nne tofauti, na katika angalau kimoja hakuna mwenye hatia ila upepo. Lakini kila kimoja kiliacha kiti wazi, na hakuna hata mara moja ambapo kiti kilijazwa kwa utaratibu uliojulikana kabla.

Kalemie ilichukuliwa na AFDL mwanzoni mwa Februari 1997, Kisangani tarehe 15 Machi, Lubumbashi Aprili. Tarehe 17 Mei waliingia Kinshasa. Mstari wa mbele wa jeshi hilo walikuwa watoto wenye mabuti makubwa ya mpira, na Kinshasa ikajifunza neno kadogo. Kwa sisi tunaosoma isimu neno hili ni darasa zima. Kiswahili cha pwani husema kidogo, kitoto. Ka- ya udogo imefifia huko. Kwetu ka- iko hai: katoto, kanyumba, kadogo. Na wingi wa kadogo, akiwa askari, tunasema bakadogo: kiambishi cha watu kimepandishwa juu ya kiambishi cha vitu vidogo. Lugha ilikumbuka kwamba hawa ni watu. Jeshi lilikumbuka mara chache.

Neno la pili lililosafiri na jeshi hilo ni mzee. Magazeti ya Kinshasa yaliliandika M'zee, kwa alama ya juu, kwa sababu mwandishi wa Kifaransa hajui afanye nini na m inayosimama kama silabi peke yake. Huko Kinshasa likawa jina la mtu mmoja.

Kama rais, Kabila alibadilisha jina la nchi, bendera na fedha. Hakuteua waziri mkuu, wala makamu wa rais. Mamlaka yote yalikuwa mkononi mwake kwa amri aliyoitia sahihi mwenyewe Mei 1997. Mwaka 1999 aliunda Kamati za Mamlaka ya Umma mitaani, mwangwi wa Hewa Bora katikati ya jiji la mamilioni. Mwaka 2000 alifungua Lubumbashi bunge la mpito ambalo wajumbe wake walipatikana kwa uteuzi. Ni vigumu kusema alikuwa bado mkomunisti. Alizungumza na makampuni ya madini kama mfanyabiashara yeyote. Lakini alichobakiza kutoka miaka ya msituni ni tabia ya chama cha siri: kila mtu ana taarifa yake, hakuna mwenye picha nzima, na mkubwa hataji atakayemfuata, kwa sababu kumtaja ni kumpa sababu ya kuharakisha.

Tarehe 2 Agosti 1998, baada ya kuwafukuza wanajeshi wa Rwanda, vita vya pili vilianza. Angola, Zimbabwe na Namibia zilimwokoa. Upande wa mashariki, RCD iliyosaidiwa na Rwanda ilichukua miji mmoja baada ya mwingine, na mwishoni mwa Agosti ikaichukua Kalemie. Ilikaa hapa karibu miaka mitano. Desemba 2000 hata Pweto ikaanguka. Masasu, mmoja wa wale wanne wa Lemera na mtu aliyependwa na bakadogo wa Kivu, alikuwa amefungwa, akaachiwa, akakamatwa tena mwishoni mwa mwaka 2000 na kupigwa risasi. Kabila alikuwa amewaua au kuwapoteza karibu wote walioanza naye, na walinzi waliosimama mlangoni kwake walikuwa vijana wa mkuu aliyemwua.

Tarehe 16 Januari 2001, mchana, mmoja wao, Rashidi Kasereka, aliingia ofisini katika Jumba la Marumaru na kumpiga risasi. Naye akauawa palepale. Kesho yake ingetimia miaka 40 tangu Lumumba auawe.

Sasa zinakuja siku kumi. Jioni hiyo Gaëtan Kakudji, waziri wa mambo ya ndani na ndugu wa rais, alitokea kwenye televisheni kutangaza amri ya kutotoka nje usiku, akizungumza kana kwamba rais yu hai. Kanali Eddy Kapend, mpambe wa rais, naye alitokea, akawaamuru makamanda wa jeshi wadumishe nidhamu na kufunga viwanja vya ndege na mipaka. Mtu yeyote aliyekuwa na televisheni alielewa kwamba kama mpambe anawaamuru majenerali, basi mkubwa wao hayupo. Ubelgiji ilisema amekufa. Kinshasa ilisema amejeruhiwa. Mwili ulikuwa umepelekwa Harare. Kifo kilitangazwa rasmi tarehe 18 Januari na Dominique Sakombi Inongo, waziri wa mawasiliano, yule yule aliyewahi kuwa mpiga debe mkuu wa Mobutu.

Waliokuwa ndani ya chumba, tunajua majina yao. Kakudji na Mwenze Kongolo walikuwa Waluba wa Katanga. Kapend na Jenerali Yav Nawej, mkuu wa jeshi la Kinshasa, walikuwa Walunda. Abdoulaye Yerodia Ndombasi na Victor Mpoyo walikuwa watu wa ndani wa rais. Kila mmoja alikuwa na nguvu ya kumzuia mwenzake, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kutawala. Na nje ya chumba walikuwepo Waangola na Wazimbabwe, ambao askari wao ndio walioushikilia uwanja wa ndege na nusu ya nchi. Kiapo cha nani wangekilinda?

Tarehe 17 Januari walimchagua Joseph Kabila, mkuu wa jeshi la nchi kavu, mwenye miaka 29. Kwa maandishi ya serikali alizaliwa Hewa Bora tarehe 4 Juni 1971. Alikulia Tanzania, alisema Kiswahili na Kiingereza vizuri kuliko Kifaransa, na Lingala ilimshinda, jambo ambalo Wakinshasa hawakumsamehe kwa urahisi. Naamini udhaifu huo ndio uliompatia kiti. Hakuwa na chama. Hakuwa na mtaa wa Kinshasa ambao ungeandamana kwa ajili yake. Kila mmoja chumbani alidhani atamwongoza. Na jina lilikuwa lilelile, hivyo askari hawakuhitaji kujifunza lingine.

Bunge la Lubumbashi lilimpitisha. Mzee alizikwa Kinshasa tarehe 23 Januari, mbele ya Mugabe, dos Santos na Nujoma. Kijana akaapishwa tarehe 26. Katika Kalemie na Moba, katika nchi ya baba yake, bendera ya RCD ndiyo iliyokuwa inapepea siku ya mazishi.

Alipokufa Mao tarehe 9 Septemba 1976, mjane wake na wenzake watatu walikamatwa kabla ya mwezi kwisha. Alipokufa Stalin Machi 1953, Beria alikuwa na nguvu kuliko wote. Juni alikuwa gerezani, Desemba akauawa. Chama chenye mamilioni ya wanachama, kamati kuu na katiba kilifanya hivyo. Kwa kulinganisha, Kinshasa haikuwa ya ajabu. Mwishoni mwa Februari 2001 Kapend na Yav, watu ambao bila wao kijana asingepita salama katika siku zile za kwanza, walikuwa chini ya ulinzi. Aprili baraza la mawaziri lilivunjwa, na Kakudji, Yerodia na Mpoyo hawakurudi katika lile jipya. Yerodia alipata njia yake baadaye, akawa makamu wa rais mwaka 2003. Yule kijana wa kuongozwa alitawala miaka 18.

Kesi ya mauaji ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi ambayo hukumu zake hazikuwa na rufaa. Zaidi ya watu 100 walisimamishwa mbele yake, maofisa, walinzi, wake na jamaa, na Januari 2003 wapatao 30 walihukumiwa kufa, Kapend akiwa mmoja wao. Hukumu ya kifo haikutekelezwa. Ushahidi uliosomwa mahakamani haukueleza nani alimtuma Rashidi, na ukiniuliza mimi, kesi haikuundwa ili ijibu swali hilo. Iliundwa ili swali la mrithi lisirudishwe mezani. Maofisa wengi wa Katanga na wa Kivu waliokuwa karibu na Mzee siku ile waliwekwa pamoja katika gereza la Makala, Walunda na watu wa mashariki, watu ambao nje wasingekunywa chai pamoja.

Wengine walifia humo. Kapend alitoka Januari 2021 kwa msamaha wa Rais Félix Tshisekedi, baada ya miaka karibu 20. Joseph Kabila alikuwa ameacha urais tangu Januari 2019. Kila mwaka tarehe 16 na 17 Januari ni siku za mapumziko, moja ya Kabila na moja ya Lumumba, na hapa Kalemie maofisi hufungwa siku zote mbili mfululizo.